Fuko wa Shamba la Ukweni

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kijiji cha Chapwa: niliingiza mkono mzima kwenye shimo la fuko, na niliuingiza kwa sababu nilikuwa msomi.

Miaka ile ya Mwingereza, vijana wa kwetu waliofika sekondari walihesabika kwa kidole kimoja, na kidole hicho kilikuwa mimi (mtu ambaye kwa hiari yake havuki ua wa mama yake). Nilikuwa nimemposa Tabitha, jembe la posa limepokelewa, ishara kwamba nimekubaliwa, ndipo baba yake akasema kwa upole kwamba nimkamatie fuko anayemaliza viazi vitamu vya mkewe, aone kama mkwe analijua shamba, maana kama silijui, yuko kijana wa Mbozi mwenye kahawa naye ameuliza.

Mwenye akili angekunja mti, akafunga kitanzi, akatega, akaenda zake kupumzika. Mimi nikahutubia. Nikamweleza Mzee Simwinga, jirani yao aliyekuja na kamba ya kutegea, habari za nyangumi, mnyama wa baharini mrefu kuliko kanisa letu, anayepumua kwa tundu la kichwani na kunyonyesha mtoto mkubwa kama kiboko, na kwamba fuko naye hunyonyesha, kwa hiyo ni ndugu, ila mmoja kapewa bahari na huyu wetu kapewa udongo, kipofu, mfupi kama kiatu, sasa kamba ya nini?

"Huyo nyangumi umemwona?" akauliza.

"Kwenye kitabu."

"Na fuko?"

"Mzee, fuko nani asiyemjua."

Nikalala kifudifudi, nikazamisha mkono mpaka begani. Fuko hakuwa amesoma kitabu. Akanidaka kidole kwa yale meno yake, nikajivuta, mkono ukanasa kwenye mizizi, na kaptula yangu ya shule (ya shule, jamani, miaka minne baada ya kumaliza) ikapasuka nyuma kwa mlio uliosikika mbali. Hapo hapo mama yake Tabitha akatokea na kikapu.

Kwetu mkwe akimwona mama mkwe huacha njia akajificha. Mimi nijifiche wapi? Nikazika uso kwenye tuta, nikidhani nisipomwona mimi, naye hanioni, akili ya fuko kabisa. Ikabidi mama mtu mzima atupe kikapu akimbie yeye, akipiga yowe, na wanakwaya waliokuwa mazoezini jirani wakaja wote, sauti ya kwanza mpaka ya nne, kutazama nikichimbuliwa.

Tangu siku hiyo nikiona udongo mbichi umefumuka, nazunguka. Jembe la posa lilirudi wiki ileile, limebebwa na Mzee Simwinga, ambaye aliliegemeza mlangoni, akakitazama kidole changu kilichofungwa kitambaa, akasema: "Mwanangu, nyangumi humjui, fuko humjui. Oa kitabu."