Sauti Iliyoingia Bila Maikrofoni

Siku ile barazani tulikuwa watano: mimi; mdogo wangu Feza, ambaye ninafanya naye kazi; Papa Assani, fundi cherehani tunayegawana naye baraza; Kisanga, mwenye pikipiki ya njia ya Kabambare; na shemeji yangu Ramazani. Huyo wa tano hadi leo sijui nimhesabu vipi. Sisi wengine wanne tuko hai hapa Kasongo, na ukimuuliza yeyote kati yetu atakuambia haya haya. Mimi niliacha shule mapema ili nilee wadogo zangu baada ya wazazi kufa, sina ufundi wa kutunga. Naeleza yaliyotokea.

Kazi yangu ni hii. Nina kompyuta, paneli ya jua juu ya bati, na programu inayorekodi redio za mtandaoni. Unaipa anwani ya redio, nayo inanasa kila kinachokuja, na kila penye ukimya inakata na kuanza kipande kipya. Kisha mimi nachagua vipande na kuvipakia kwenye MP3 za wateja, zile mashine ndogo zenye spika ambazo wakulima wa Kabambare wanazitundika shingoni wakienda shambani. Kule kwao mtandao haufiki. Wanataka muziki, mahubiri, mawaidha, mpira. Matangazo ya vifo walinikataza wenyewe, wakiniita Yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, ondoa hizo za misiba, zinakula nafasi." Kwa hiyo nilikuwa nayafuta.

Shika jambo moja: programu hiyo inarekodi kinachotoka mtandaoni tu. Kompyuta yangu haina maikrofoni. Ungepiga kelele mbele yake mpaka koo likauke, isingekusikia.

Sasa, mdogo wangu anayenifuata, Mwamini, ameolewa katika kijiji kimoja mbele ya Kabambare. Mumewe Ramazani alikwenda Bukavu kutafuta kazi, habari zake zikakatika. Ukoo wa mume ukaanza kunong'ona, halafu ukasema waziwazi: Mwamini amemloga, amemla. Kisanga ndiye aliyeniletea habari kwamba Jumapili watakaa kikao, Mwamini afukuzwe na watoto wake wabaki. Mimi niliyembeba Mwamini mgongoni, ulitaka nifanye nini? Nilikuwa nafunga mzigo niende, na mkononi sina lolote ila mdomo wangu.

Ndipo Ramazani akaingia. Mchana kweupe, mvua imetoka kukatika, barabara yote matope, na viatu vyake vikavu.

"Shemeji!" nikamkaripia. "Ulikuwa wapi muda huu wote? Banataka kufukuza Mwamini juu yako!"

"Ndiyo imenileta," akasema, akakaa kwenye benchi.

Kwa furaha niliyokuwa nayo hata sikumtazama vizuri. Feza alimletea chai, hakuigusa. Papa Assani, ambaye nguo ya mtu haimpiti bila neno, akaanza kumtania.

"Ramazani, fundi gani wa Bukavu alikushonea hii shati? Haina mufuko, haina kifungo. Pesa unaweka wapi, mudomoni?"

"Balishona mbio, Papa. Balisema mufuko hautanifaa tena."

Tukacheka. Niamini, tulicheka wote, na Kisanga alicheka kuliko sisi.

Kisha Ramazani akanigeukia. "Yaya, rekodi redio ya Bukavu, matangazo ya saa sita. Usifute hata moja. Utie kwa MP3, upeleke kwa mama yangu."

"Nipeleke kwa nini? Si wewe iko hapa? Panda pikipiki, twende sote."

"Rekodi kwanza."

Nikafungua programu. Ulipigwa muziki kidogo, halafu msomaji akaanza. Tangazo moja, jingine, halafu hili: familia ya Ramazani, katika teritware, yaani wilaya, ya Kabambare, inajulishwa kwamba kijana wao amefariki hospitalini Bukavu na amekwisha kuzikwa, mke wake Mwamini na mama yake wapate habari.

Nikageuka nimwambie kwamba kuna mtu ana jina lake na mke mwenye jina la mke wake. Alikuwa ameinama kuelekea kompyuta, kama mtu aliyeitwa. Alisema maneno machache kwa Kibangubangu, polepole, lugha ambayo mimi siisikii. Halafu benchi likawa tupu. Hakusimama. Hakupita mlangoni. Kisanga alikimbilia barabarani na kurudi. Kwenye matope yale hapakuwa na alama ila ya matairi yake mwenyewe.

Papa Assani alikuwa amebana pini midomoni. Zikaanguka chini zote.

"Ile haikuwa shati," akasema.

Feza alianza kulia. Mimi nilikuwa nafikiri jambo baya zaidi: habari hii ndiyo itakayommaliza Mwamini. Mume amekufa, basi si ndiyo amemla kweli? Nani angenilaumu kama ningeifuta na kunyamaza? Lakini marehemu ametoka mbali akaniomba. Nikarudisha kipande nyuma nisikilize kama kimenasa vizuri.

Tangazo lilikuwepo. Na baada ya tangazo, wazi kabisa, ilikuwepo sauti ya Ramazani.

Kisanga, ambaye ni Mbangubangu, alisikiliza mara moja tu, akavua kofia.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Si yangu kusema, Yaya. Ni ya mama yake. Panda, tunaondoka."

Ile njia unaijua? Tulisukuma pikipiki kuliko tulivyoipanda. Tulipofika Jumapili, kikao kilikuwa kimeanza. Mwamini alikuwa amekaa chini peke yake, nguo zake zimefungwa kitambaani kando yake. Yuma, kaka mkubwa wa Ramazani, aliponiona akasema kwa sauti ya wote:

"Karibu, shemeji. Umekuja kuchukua muzigo wako?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja na ndugu yako."

Nikaweka MP3 juu ya kigoda, nikafungulia. Jina liliposomwa vilio vikapanda, na Yuma akamnyooshea Mwamini kidole: "Munaona? Munaona sasa?" Mama mkwe wa Mwamini akapiga kelele wanyamaze. Alikuwa amesikia kitu. Nikarudia, na mara hii kila mtu alisikia mtoto wao akisema, kwa lugha yao:

"Ni ugonjwa wa ini, mama. Si mutu."

Yule mama hakuuliza sauti imeingiaje. Aliinuka, akavuka kikao chote, akamshika Mwamini mkono na kumkalisha kwenye mkeka, ubavuni pake, mahali pa mke anayeomboleza. Akafungua mwenyewe kile kitambaa na kutoa nguo moja moja mbele ya macho ya Yuma. Yuma aliinamisha kichwa, halafu akaenda kutafuta kuni za matanga. Nilitembea kijijini jioni ile kama mtu aliyeshinda kesi mbele ya gavana.

Mwamini yuko nyumbani kwake mpaka leo, na watoto wake, na shamba lake la mihogo. Wateja wangu wa Kabambare wameongezeka, nao sasa wananiambia: "Yaya, tia misiba kwanza, muziki baadaye." Wewe unayenisikiliza, tangazo la msiba likianza usizime redio. Hujui aliyetajwa amekaa benchi gani, anangoja nani amsikie.

Mimi nimebaki na jambo moja. Kesho yake asubuhi, nilipokuwa naaga, mama mkwe alinishika mikono miwili.

"Mwanangu, umeniletea sauti. Na mutoto mwenyewe?"

Mbele ya watu wote nikamwahidi udongo wa kaburi lake, kiganja kimoja, auzike karibu na baba yake Ramazani. Njia ya Bukavu bado si salama, na kila Kisanga akitoka Kabambare ananiletea swali lilelile: mama anauliza, lini? Kiganja kimoja tu cha udongo, na sijakipeleka.