Kiuno cha Mama Futi

Dada yangu ni fundi cherehani, na futi haimtoki shingoni hata akienda sokoni, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Futi. Miaka ishirini tumeshona katika chumba kimoja, yeye akikata, mimi nikiunga, na miaka yote hiyo nimemsikia akiwatabiria watu magonjwa kwa kiuno. Mwanamume akizidi inchi arobaini, anaambiwa papo hapo apunguze mafuta, aache sigara, akapime presha. Kaka yetu dereva alikuwa na kiuno cha arobaini na sita, na pakiti nzima ya sigara kwa siku. Mshipa wake wa moyo ulipoziba kweli, akaponea chupuchupu, dada alitembea kifua mbele mwezi mzima.

Yeye kiuno chake ni ishirini na sita. Havuti, hanywi. Basi alipoanza kuhema kwa kupanda zile ngazi nane za dukani kwetu, nikamwambia twende hospitali, alijizungushia futi mbele yangu akanionyesha namba. Kiuno hiki, mdogo wangu, akasema, hakina ugonjwa wa moyo. Nilitamani kumnyonga kwa futi hiyo! Nilijua hedhi inamtoka siku kumi na mbili kila mwezi, na yeye anaona ni mambo ya kike tu, ya kuvumilia. Kucha zake zilikuwa nyeupe kama chaki tunayochorea vitambaa.

Asubuhi moja anakanyaga cherehani, mguu ukasimama. Akashika kifua, jasho linamchuruzika, akasema kuna kitu kimemkaba. Nilimwingiza kwenye teksi bado ana pini mdomoni, nikazitoa mojamoja njiani. Hasira zote ziliniisha. Niliogopa kurudi kwenye kile chumba peke yangu.

Daktari, mama wa makamo, hakuzungusha maneno. Mishipa ya moyo ilikuwa wazi, kwa hiyo haikuwa kama ya kaka. Ila damu yake ilikuwa tano, na inatakiwa isipungue kumi na mbili. Kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi uliokuwa ukimmaliza damu polepole kila hedhi. Moyo ulikuwa ukikimbia mchana na usiku kugawa kile kidogo kilichobaki, wenyewe haukupata cha kuutosha, ukaumia. Dada akasema kwa sauti ndogo kwamba lakini yeye ni mwembamba.

"Futi inapima nje, mama," daktari akamjibu. "Moyo hauumizwi na mafuta peke yake."

Akaongezewa damu chupa tatu, baadaye akatolewa uvimbe, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Baada ya miezi minne alikuwa kwenye cherehani yake, ananigombeza eti nimepindisha mishono yote.

Wiki iliyopita aliingia bibi harusi mtarajiwa, anajisifia kiuno cha ishirini na tano. Zamani dada angempongeza. Safari hii futi hakuigusa. Alimsogeza dirishani, akamvuta ukope wa chini akachungulia kama ndani kuna wekundu wa damu, kisha akamuuliza hedhi yake inachukua siku ngapi. Binti akasema kwa aibu, kumi. Dada akakikunja kitambaa cha gauni alicholeta, akakirudisha kwenye mfuko wa binti, akamwambia akapime damu kwanza.

Binti akalalamika kwamba harusi ni baada ya wiki tatu.

"Gauni nitalimaliza kwa siku mbili, mwanangu," dada akasema. "Moyo sijui kuushona."