Figa la Selestina

Shangazi yangu Selestina alipoomba kibarua cha kuchekecha udongo, na magoti yake yale mabovu, nyumbani tulimtania kwamba anatafuta pa kupigia soga. Kumbe alikuwa anamtafuta mwanawe.

Pale Karatu mjini panapojengwa stendi mpya ndipo ilipokuwa nyumba yake, kabla yeye na marehemu Thomasi hawajahamishwa. Nyuma ya jiko walimwacha mtoto wa kike aliyefariki kabla ya kubatizwa. Enzi zile mtoto wa namna hiyo hakuzikwa na wengine makaburini. Walimzika nyumbani kimyakimya, bila msalaba. Selestina akang'oa figa moja jikoni, akaliweka juu yake. Tangu hapo amepikia mafiga mawili ya zamani na moja la kuokoteza. Mtoto hakutajwa tena. Hata mimi, na umbea wangu wote, sikuwahi kusikia habari zake.

Kabla ya tingatinga kuingia, walikuja wataalamu wa mambo ya kale kuchunguza kama ardhini kuna masalia ya watu wa zamani. Mkubwa wao, kijana mpole aitwaye Herbert, alimhurumia shangazi, akamweka kivulini upande wa barabarani na chekeche lake. Jiko la zamani lilikuwa upande wa pili. Shangazi akasubiri wafike huko. Angesema neno moja tu! Lakini aibu aliyofundishwa ujanani ilimfunga mdomo, na aibu hiyo naichukia mpaka leo.

Alipopata ujasiri wa kwenda kule, alikuta pametandazwa kamba za vipimo na hakuna hata jiwe. Vibarua walikuwa wameyaokota yote na kuyarundika pembeni. Figa lake lilikuwa humo, bado lina masizi upande mmoja.

"Hili mmelitoa wapi?"

"Hayo ni mawe ya juu tu, mama," Herbert alijibu. "Hatukuandika yalipokuwa. Kwani vipi?"

Ndipo shangazi akasema yote. Herbert alikaa chini vumbini, asijue pa kuweka mikono.

"Alikuwa anaitwa nani, mama?"

"Hakuwahi kuitwa."

Walichimba pale alipokisia, polepole, kwa mwiko na brashi. Wakapata vigae vya chungu na kifungo cha shati la Thomasi. Herbert alimweleza kwamba udongo ule unakula mifupa midogo, huenda wamempita bila kumjua. Muda wao ukaisha, tingatinga likaingia.

Shangazi alilifunga figa mgongoni kwa kanga, akapanda nalo kilima mpaka nyumbani. Nilitaka kumpokea, akakataa. Nikaenda jikoni, nikalitoa lile la kuokoteza.

"Lete, shangazi. Sasa mafiga yako yametimia."

Alinipita, akaingia chumbani. Akalifungua taratibu, akalilaza kitandani, upande wa ukutani, asianguke.