Masikio ya Phares Omolo, Fundi wa Boti

Mtu akikuambia Nairobi kuna fundi wa boti, utamcheka. Boti ya kwenda wapi? Mto tulio nao ni ule wa Mathare, na hata bata akiingia humo hutoka akijuta. Lakini fundi huyo alikuwepo. Kiwanja chake cha mabati kilikuwa nyuma ya Soko la Burma, na mimi nilikuwa nikiuza chai na chapati langoni pake, kwa hiyo haya ninayosema sikuhadithiwa na mtu. Jina lake lilikuwa Phares Omolo. Tulimwita Baba Aloo, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Boti zenyewe zilikuwa za wenye nazo. Jumamosi walizikokota nyuma ya magari mpaka Naivasha, wakazunguka ziwani wakiwapungia viboko mikono, na Jumatatu zile zilizokorofisha zilishushwa kwa Baba Aloo. Ufundi aliupata bandarini Kisumu, ndani ya matumbo ya meli za shirika la reli, kisha akahamishiwa karakana ya Nairobi na kupewa nyumba Makongeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kazi yake ikavunjika nayo. Nyumba waliachiwa kwa muda, kwa huruma ya karani fulani. Mwaka ninaousema, themanini na tatu, huruma hiyo ilikuwa imekwisha. Walikuwa wameambiwa watoke.

Sifa yake ilikuwa moja tu, nayo ilimtosha. Mafundi wengine hufungua injini ndipo wajue inaumwa wapi. Yeye aliisikiliza. Injini ya nje, ile inayofungwa nyuma ya boti, huwezi kuiwasha kavu kama ya gari, maana pampu yake ya mpira itaungua papo hapo. Kwa hiyo aliitundika kwenye ukingo wa pipa lililojaa maji na kuiwashia humo. Ikiwa nzima hurusha kijimaji pembeni, kuonyesha kwamba inapoa. “Ikikojoa, ni mzima,” alikuwa akisema, na wachoma nyama wa Burma walicheka kila mara utadhani ndiyo kwanza wanasikia. Kisha alifumba macho, akainamisha kichwa na kusema plagi ya chini imechoka. Wakiifungua, wanaikuta imechoka kweli.

Masikio hayo ndiyo yaliyokufa. Yalianza kufa kwenye meli, nadhani, na lile pipa likayamalizia, kwa maana injini ikinguruma ndani ya pipa la bati, karibu na uso wako, mwaka baada ya mwaka, kitu lazima kitoke. Mimi dalili ya kwanza niliiona kwa sababu ya chai. Nilimwita, “Baba Aloo, chai yako inapoa!” Kimya. Nikaita tena kwa ile sauti yangu ambayo watu wa Shauri Moyo wanaijua. Hakugeuka. Nikaudhika, nikasema huyu mtu amepata kiburi lini? Halafu mkewe Roseline akamgusa bega, naye akageuka na tabasamu pana, akaanza kuongea.

Na hilo la kuongea ndilo lililonishtua zaidi. Phares niliyemjua alikuwa mtu wa maneno machache. Sasa alikuwa akimimina maneno kama bomba lililopasuka. Mteja akiingia tu, hajavuta kiti, Baba Aloo ameshaanza: habari ya petroli, habari ya kabureta, habari ya magugu ya Naivasha. Baadaye nilielewa. Ukiongea wewe, hakuna anayekutaka usikie.

Roseline alikuwa na meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, huko Makongeni. Akaiacha. Akawa anakuja kiwanjani kila siku na chakula cha mchana, na hakirudi chombo wala harudi yeye. Injini ikiwashwa, yeye amesimama nyuma ya bwana, kiganja mgongoni mwake. Wanawake wa sokoni wakavunjika mbavu. Eti amerogwa na mapenzi, eti anamlinda asiibiwe. Siku moja nikamuuliza waziwazi, maana mimi kitu kikinikaa kooni sikimezi.

“Mama Aloo, huyo bwana ni mtoto? Mbona unamshikilia hivyo?”

Akakaa kwenye kigoda changu, akaficha uso ndani ya leso, akalia mpaka nikaogopa. “Mama Mutindi, usiambie mtu. Baba Aloo hasikii. Hata mlango akigongewa hasikii. Hospitali wamesema masikio hairudi. Watu wakijua, nani atamletea injini? Na sisi nyumba tunatolewa.”

Ndipo nikajua kile kiganja ni cha nini. Injini ikipumua vizuri, mkono wake ulitulia. Ikikohoa, vidole vilipiga piga. Chuma kikigonga chuma ndani, alikwaruza kwa ukucha. Baba Aloo alikuwa amemfundisha hayo jioni baada ya jioni, pale kwenye pipa, mkono wake juu ya ule wa mkewe. Yeye mwenyewe alifumba macho vilevile kama zamani, akasubiri mgongo umwambie. Wateja hawakujua. Walisema fundi bado ana masikio ya popo. Nami nilinyamaza, ingawa kunyamaza kulikuwa kunanichoma.

Tumaini lao lote lilikuwa kwa Mzee Kinyanjui. Huyu alikuwa na nyumba za wageni kando ya ziwa, na alitaka kununua boti za kuzungusha wageni. Alimwambia Baba Aloo hivi, mbele yangu, akitafuna chapati yangu: “Wewe ndiye utanichagulia. Kama utanichagulia vizuri, utakuja Naivasha uziangalie. Kuna nyumba ya fundi, mabati mapya, utakuja na familia yako.” Roseline alikuwa akimgeukia bwana yake na kurudia kila neno taratibu, ili amsome midomo, kana kwamba anashangilia tu. “Nyumba, Baba Aloo! Mzee anasema nyumba!” Jioni ile nilimwona akifagia kiwanja kizima peke yake. Hakuwa na cha kufagia. Alikuwa hajui afanye nini na mikono yake.

Wakaomba kila namna. Kanisani Roseline alisimama kutoa ombi bila kusema ni ombi gani. Nyumbani walishaanza kufunga vyombo kwa kamba, na hawakujua kama vinaelekea Naivasha au Siaya kwa kaka yake Phares, ambaye alikuwa ameshawaambia kwamba kwake hakuna nafasi.

Siku ya majaribio ilipofika, Mzee Kinyanjui hakuja na alichosema atakuja nacho. Tulikuwa tunangoja injini moja ya nje. Akaingia na pikapu, nyuma yake anakokota boti nyeupe iliyo na injini ya ndani, ile inayolala chini ya sakafu ndani ya sanduku, na ya nje akaibeba kwenye pikapu. “Nimepata hizi mbili,” akasema. “Moja itabaki, moja itarudi kwa mwenyewe. Nataka unisikilizie zote.”

Nilimwangalia Roseline. Uso wake ulikuwa umekauka. Tangu aanze kumsikilizia bwana yake, hakuna injini ya ndani iliyowahi kuingia kiwanja kile. Alizijua za pipa tu. Na kumwuliza bwana mbele za watu hakuweza, maana kumwuliza ni kumfichua.

Ya nje walianza nayo. Wakaitundika kwenye pipa, ikawaka, ikakojoa, mkono wa Roseline ukatulia. “Mzima hii,” Baba Aloo akasema, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa, nami nikathubutu kumimina chai.

Wakahamia kwenye boti. Kwanza Baba Aloo akafungua kifuniko cha sanduku na kukiacha wazi, akawazuia watu wasisogee na sigara. “Ya ndani lazima ipigwe upepo kwanza,” akasema. “Mvuke wa petroli unalala chini huko kama paka. Ukiwasha bila kufungua, unaruka na boti yako.” Kisha akaingiza mpira wa kuvutia maji ndani ya pipa, ili injini ipate cha kujipoza, akapanda, akainama ndani ya sanduku. Roseline akapanda nyuma yake. Watu wakacheka, hata Irungu, fundi wa magari wa kiwanja cha pili, aliyekuja kutazama tu.

Mzee, akiwa amesimama kando ya boti, akanyoosha mkono na kugeuza ufunguo, injini ikawaka. Ikanguruma vizuri, nzito, na nyuma ya boti bomba la moshi likaanza kutema. Tfu! Kimya kidogo. Tfu! Moshi na maji, moshi na maji. Nami nikamwona Roseline anasikiliza, macho yamemtoka, na vidole vyake vikaanza kupiga piga mgongoni mwa bwana. Inakohoa. Kwa injini za pipa, sauti ile ni ugonjwa, ni maji yaliyoingia kwenye petroli. Alikuwa akimwambia kile alichofundishwa.

Baba Aloo akainua mkono. “Zima! Iko na maji kwa petroli.”

Mzee akashangaa, lakini akazima. Baba Aloo akafungua chujio, akamwaga petroli kwenye kikombe cha kioo, akakiinua kwenye jua. Safi kabisa. Hakuna hata tone la maji. Akafunga, wakawasha tena. Tfu! Vidole vikapiga tena, sasa kwa nguvu, kwa woga, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua. Na Baba Aloo, aliyekulia kwenye injini za namna hiyo, ambaye kama angefumbua macho na kutazama nyuma angeona yale maji yanatoka na moshi na kukumbuka kwamba ndivyo inavyotakiwa, hakutazama. Aliusadiki mgongo wake. “Zima. Bado inakohoa. Hii injini ni mgonjwa, mzee.”

Irungu hakuwa mtu mbaya. Aliropoka tu, kama mtu yeyote mwenye masikio angeropoka. “Lakini fundi, hiyo si kukohoa! Ni maji ya kupoza inatokea kwa egzosi. Injini iko sawa kabisa, si unaskia?”

Baba Aloo alikuwa amempa kisogo. Hakujibu.

“Fundi!” Irungu akaita. Kisha akaita tena. Akaokota spana, akaiangusha juu ya bati, mlio ambao hata wauza nyama walitoka kuutazama. Roseline alishtuka mwili mzima. Baba Aloo alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

Hapo kila mtu alijua. Nilitamani ardhi ipasuke, inichukue mimi na chai yangu. Mzee Kinyanjui akavua kofia, akamuuliza Irungu kwa sauti ya chini, sauti ya msibani: “Huyu mtu hasikii?” Irungu akatazama viatu vyake. Roseline akashuka kwenye boti, akasimama mbele ya mzee.

“Pole, mama,” mzee akasema. “Pole sana. Lakini nitawaweka watoto wa watu ndani ya boti.” Akampa ishara Irungu. “Wewe ingia kwa gari, tuongee.”

Irungu alikataa kwa kichwa mara ya kwanza. Halafu akaingia. Ana watoto naye, simlaumu, ingawa siku ile ningemmwagia chai ya moto. Vijana wa mzee wakaipakia ile injini ya nje kwenye pikapu, na boti ilikuwa bado imeungwa nyuma.

Na Baba Aloo? Baba Aloo alikuwa ameshuka upande wa pili, akainama kwenye pipa kuutoa ule mpira, na mgongo wake ulikuwa kwetu. Alikuwa anaongea. Alianza pale alipoona kimya kimekuwa kirefu machoni mwa watu, na hakuacha.

“Mimi mzee nakwambia ukweli, hata kama hii ya ndani ingekuwa mzima, nisingekushauri. Kweli inakula petroli kidogo, na inadumu. Lakini Naivasha iko na magugu. Magugu ikishika propela, ya nje unainua tu hivi, unatoa kwa mkono, unaenda. Ya ndani itabidi mtu aruke majini na kisu. Na kiboko hajui wewe ni fundi. Halafu ya nje ikiharibika unafungua skrubu mbili, unabeba, unaniletea. Unaniletea nyumbani kwangu, si nitakuwa hapo hapo karibu?”

Yote yalikuwa kweli. Hakuna fundi Nairobi nzima ambaye angemshauri vizuri kuliko hivyo. Nyuma yake pikapu ikawashwa, ikapita langoni pangu ikitimua vumbi, ile boti nyeupe ikiyumba nyuma yake, ikashika njia ya Barabara ya Jogoo. Baba Aloo aliukunja ule mpira vizuri, akaufunga kwa kamba, akaanza kueleza jinsi ya kuchanganya oili na petroli ili plagi zisife mapema.

Machozi yalikuwa yananitoka mpaka kwenye unga. Nikaweka birika chini, nikaanza kumwendea nimguse bega. Roseline akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti.

“Ngoja, Mama Mutindi,” akasema. “Wacha amalize kwanza.”