Siku Tuliyofungua Mafundo Yote

Nilipokuwa mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka, nilimroga dada yangu. Sikukusudia. Nilikuwa natengeneza mwanasesere.

Kijijini kwetu Shinyanga, siku za msichana hazikuwa siri yake. Wanawake walifua pamoja lamboni, na shangazi Kabula, dada yake baba, alijua nani yuko mwezini na nani bado kuliko hata mwenye mwili. Sasa, siku za dada Minza hazikuwa na adabu. Zilikuja mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kisha zikapotea miezi mitatu kama mgeni aliyeombwa kusaidia palizi. Mwaka ule Masanja alikuwa amemchumbia, na zilipopotea tena, mama yake Masanja alikuwa anakuja Jumamosi kukamilisha mazungumzo.

"Huyo ana mtu tumboni," shangazi alisema huku anamenya viazi vitamu vya kukausha michembe, wala hakuinua macho. "Mama Masanja ataliona tumbo. Ataondoka na posa yake."

Baba alisema kama ni kweli, Minza atafute pa kulala. Minza aliapa mpaka sauti ikakauka.

Ndipo Bibi akauliza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: "Vitambaa vyako viko vyote?"

Kimoja hakikuwepo. Bibi akapiga paja. Siku zile tuliamini kwamba mtu mbaya akiokota kitambaa cha msichana akakipiga fundo, damu nayo inafungika humo humo.

"Kafungwa huyu," Bibi akasema. "Na fundo limefichwa humu humu nyumbani. Kabla mgeni hajala, kila fundo lifunguliwe."

Kumbe kitambaa hicho nilikichukua mimi. Kilikuwa chini ya kihenge cha mtama, kina kichwa, kiuno na miguu miwili, na mafundo manne ya kamba ya katani. Mwanasesere huyo nilimpa jina la Sabina. Kusema sikuweza, maana kwetu kuitwa mchawi si jambo la kuchezea, hata ukiwa kibogoyo wa miaka saba.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Tulifungua magunia ya karanga, mizigo ya kuni, kamba za ndama. Ndama wakanyonya maziwa yote ya mgeni. Babu alikuwa amejilaza kwenye kitanda chake cha kamba. Bibi akaanza kukifungulia miguuni, na mzee akateremka polepole mpaka chini.

"Na mimi unanifungua?" akauliza kutoka sakafuni.

"Wewe ulilegea zamani," Bibi akamjibu.

Mama Masanja alifika katikati ya vurugu hizo. Kabla hajaingia, Bibi akamwamkia kwa heshima zote, kisha akamwomba afungue kilemba, na kanga ya kiunoni pia.

"Nivue nguo ukweni, mama?"

"Hapana, mama. Legeza tu, ushikilie kwa mkono."

Masikini, alikaa vile kutwa nzima. Alipoletewa maji ya kunawa ilibidi shangazi amshikie kanga.

Mimi nikajipenyeza nyuma ya ua wa minyaa na Sabina wangu. Nikamfungua miguu, kiuno, na mwisho shingo, huku nalia, maana alikuwa mwanasesere mzuri. Sijamaliza kufuta kamasi nikasikia vigelegele. Minza alikuwa ametoka nyuma ya jiko na kitambaa kingine mkononi, kina damu, akampa Bibi. Bibi alikitazama kwa muda, akamtazama Minza, ndipo akapiga vigelegele. Shangazi akataka naye aone. Bibi akakibana kwapani.

"Wewe kamenye viazi," akamwambia.

Minza akaolewa. Mtoto wa kwanza alikuja baada ya miaka miwili na zaidi, hata shangazi akachoka kuhesabu.

Nilibeba dhambi ya Sabina miaka yote hiyo. Juzi juzi nilikwenda kumtembelea Minza Nyarugusu, wanawe wanakochimba dhahabu, nikaungama. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Wewe na Sabina wako. Ile ilikuwa damu ya kuku. Yule kuku tuliyemchinjia mama mkwe. Mimi ndiye nilikuwa namnyonyoa. Siku zenyewe zilikuja wiki mbili baadaye, zilivyopenda."

Nimewaza sana tangu hapo. Bibi alichinja kuku maisha yake yote. Hawezi kushindwa kuijua damu yao. Mafundo aliyaamini, hilo nina hakika. Ila alimwamini Minza kuliko mafundo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema, anayesoma sekondari Katoro, alikuja likizo. Siku zake zilikuwa zimepotea miezi miwili, na mama yake ameshaanza kumtazama tumbo. Nikasema mtoto nampeleka mwenyewe zahanati. Nesi akamwambia wasichana wengi wa umri wake huwa hivyo, siku huchukua miaka kutulia. Ila zikipita miezi mitatu, au zikija kwa wingi kupita kiasi, arudi apimwe.

Kabla hatujatoka nyumbani nilikuwa nimefungua fundo la kuku niliyemfunga mguu kwa ajili ya mboga, na akatokomea. Jioni tukala ugali kwa mlenda. Neema akauliza kuku yuko wapi.

Nikamwambia safari hii hatukumhitaji.