Nilimpa Mwanangu Vidonge vya Baba Yake

Msimamizi wa ukurasa huu, jina langu lizikwe hukohuko ofisini, na barua hii ukishaichapa uichome. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mkulima wa migomba na kahawa huku Karagwe, kijiji sitakitaja. Nina watoto sita na mume aliyenizidi miaka kumi na minne. Kuandika nilifundishwa na masista nikiwa msichana, kwa hiyo msinicheke nikikosea. Naandika mwenyewe kwa sababu hakuna mtu ninayeweza kumtuma jambo hili. Naogopa, jamani. Naogopa hata kikombe kikianguka.

Mwaka juzi mzee wangu alianza kushindwa kukojoa. Akapelekwa hospitali kubwa huko Uganda, akakaa majuma sita, akarudi na chupa kubwa ya vidonge vidogo vyeupe, ambayo hujazwa tena huko kila baada ya miezi michache. Nilipomuuliza ni vya nini akasema, "Vya mkojo," basi, akageukia ukutani. Tangu hapo alibadilika. Sisi huku ndizi za rubisi, pombe yetu, hukanyagwa na wanaume kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti, vifua wazi, jasho linatiririka. Yeye akawa anaingia na shati limefungwa mpaka shingoni. Wenzake walimtania kwamba amekuwa karani wa serikali. Chumbani naye alijitenga nami. Nikasema ni uzee, hata mimi magoti yanalia.

Mwaka huu ikaja ile homa ya mafua. Kwetu iliingia nyumba kwa nyumba, na kwa macho yangu niliona inawapiga zaidi wanaume wenye nguvu zao. Jirani yetu, mbeba magunia ya kahawa, alikohoa siku tano tukamzika. Mzee wangu, mgonjwa wa siku zote, alipiga chafya siku mbili, akaomba uji, akatoka kwenda kupogoa migomba yake! Lakini mwanangu wa pili, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeoa mwaka jana, alilala hoi. Kifua kinakoroma, midomo imekuwa ya majivu, hata mkewe hamtambui. Zahanati walimpa walichokuwa nacho, wakatuambia tumwombe Mungu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikafikiri kwa akili yangu hii fupi: mgonjwa amepona na wazima wanakufa, basi kinga imo ndani ya ile chupa. Nikaiba. Mkamwana wangu akienda kuchota maji, mimi naingia na uji, nimesaga vidonge viwili ndani yake. Asubuhi viwili, jioni viwili, majuma matatu, hata baada ya mtoto kuanza kukaa. Akainuka, akatembea. Nilimshukuru Mungu kwa magoti, na kwa siri nikajishukuru na mimi.

Siku chache baadaye, mchana, mzee akaniita ndani, chupa mkononi. "Mama, nani amegusa dawa yangu?" Nikasema sijui, labda hospitali walimpunja. Akaanza kufungua vifungo vya shati. Nimenyonyesha watoto sita, titi nalijua nikiliona. Mume wangu ana matiti.

"Huku chini kuna uvimbe mbaya," aliniambia kwa sauti ndogo. "Daktari alisema uvimbe huo unakula nguvu za kiume. Dawa hii ina asili ya kike, inazima nguvu hizo ili uvimbe ukose chakula. Nilikubali kwa kuwa nilitaka kuishi. Lakini kijana akiimeza, mama, ameisha. Ndiyo maana nauliza." Akafunga shati. "Na siku mtu yeyote akijua, hata wanangu, chupa naitupa chooni nife nikiwa mwanamume."

Nikaapa kwa msalaba. Hapo ndipo ningesema, nami sikusema.

Sasa wifi yangu, ambaye kama shangazi ndiye anayeulizwa mambo ya ndoa, amekuja na habari. Mwanangu tangu apone hamgusi mkewe, na chuchu zinamuuma hata shati likimgusa. "Huyu binti amemfunga mtoto wetu," akasema. "Alikuwa anamuuguza peke yake, nani mwingine?" Ukoo umeamua kukaa kikao baada ya kuanika kahawa. Wanataka binti arudishwe kwao Kyerwa na jina la uchawi mgongoni, naye hajafanya lolote ila kumfuta mume wake jasho.

Nikisema ukweli, wataniuliza vidonge vilikuwa vya nani, na mzee atatupa dawa. Nitakuwa nimemuua kwa ulimi. Nikinyamaza, mtoto wa watu anabeba mzigo wangu. Na sijui hata kama ni vidonge vilivyomponya mwanangu, au angepona tu kwa uji mtupu! Usiku na mchana najiuliza kama nimemnunulia uhai kwa watoto wake ambao hawatazaliwa. Ninyi mliofanya kazi hospitali, niambieni, nguvu za kijana hurudi akiacha dawa hii? Au ndiyo zimekwenda?

Jana mkamwana wangu alikuja jikoni. Amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. Akapiga magoti kunisalimu kama kawaida yetu, nikaitikia, lakini hakuinuka.

"Mama, wameniruhusu nichague mtu mmoja wa kunisemea kikaoni."

"Umemchagua nani, mwanangu?"

"Nimekutaja wewe. Wewe tu ndiye unayejua sikumlisha kitu kibaya."

Nikamwambia, "Najua." Akalia kwa furaha, akanishika miguu. Ndugu zangu mnaosoma, ukoo wote utanyamaza kunisikiliza. Nishaurini, nikisimama niseme nini?