Muhuri Uliokatwa Bila Barua

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mihuri, hapa mtaani Buyenzi, Fundi Mkuu hakunipa wembe. Alinipa daftari.

"Apana barua, apana muhuri," akaniambia.

Kila muhuri mpya ulipigwa kwanza mle daftarini, mteja akatia saini kando na barua yake ikabandikwa. Baadaye ndipo nilipofundishwa kukata mpira, herufi zikiwa kinyume ili zisomeke sawa kwenye karatasi.

Nyinyi vijana mnasema serikali zote za zamani zilikuwa za mabavu, basi. Sisi tulizitofautisha kwa oda zao. Siku za chama kimoja kila ofisi ilitaka mihuri miwili, na wa chama ulikuwa mkubwa kuliko wa serikali. Walikuwa wakali, lakini waliabudu karatasi. Hata dhuluma ilikuja na barua, na mwandishi wake ungeweza kumshtaki kwa mkubwa wake. Wanajeshi walipopindua serikali katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, barua zikaadimika. Amri ilikuja na mtu, ikaondoka naye.

Wakati huo Fundi Mkuu alishafariki na karakana ilikuwa yangu. Luteni mmoja akaja kutaka muhuri wa ofisi ya nyumba za mtaa wa Ngagara.

"Barua iko wapi, afande?"

"Barua ni mi. We mzee, kata."

Nikakata. Niliogopa, sina la kujitetea. Niliupiga daftarini, nikamsogezea kalamu atie saini. Alichukua muhuri akaenda zake.

Miezi michache baadaye alikuja Mama Godeliva, mwalimu mjane wa Ngagara, na karatasi ya kumtoa nyumbani kwake. Muhuri niliutambua kabla sijasoma.

"Baba, huyu muhuri ni ya kweli?"

"Ni mi nilikata, mama."

Nikamfungulia daftari. Alama ipo, barua haipo, saini haipo. Tukalipeleka mahakamani. Hakimu alikuwa mtu wa siku za chama, bado anaheshimu karatasi. Akauliza ni nani aliyekata muhuri bila barua. Nilijua jibu lingeninyang'anya leseni. Nikasema ni mimi.

Hakimu akaibatilisha ile karatasi, Mama Godeliva akabaki na nyumba yake. Karakana ikafungwa wiki hiyohiyo, na huko ndiko kustaafu kwangu. Wajukuu huniuliza kama najuta. Karakana siijutii. Najutia siku ile niliyoshika wembe.

Daftari nilirudishiwa, ninalo hadi leo. Kwenye nafasi ya saini ya luteni nimeandika jina langu.